Wakili Kindi na Swali la Chiriku

Kale hiyo, wanyama walipokuwa wakipika, wakioana na kushtakiana kama sisi, kijiji chao kilikuwa na shamba moja la viazi vitamu, mali ya wote. Mlinzi wake alikuwa Bwana Kiboko. Nyie wa nyuma, acheni kusukumana! Hii ni ya kusikiliza.

Siku ya harusi ya Twiga kijiji kizima kilikwenda kula pilau. Kurudi, lo! Ua umebomolewa, shamba limefukuliwa, viazi hakuna.

"Ni Nungunungu!" akanguruma Kiboko. "Nani asiyejua anavyopenda kufukua? Na harusini hakuonekana!"

Kesi ikaenda kwa Hakimu Kobe. Akishindwa, Mama Nungunungu atafukuzwa kijijini, yeye na watoto wake wawili, na masika ndiyo hayo yanaingia. Kiboko akamweka Fisi kuwa wakili wake. Nungunungu akamwendea Kindi, wakili mdogo asiyefika hata goti la Fisi.

"Nilikuwa nyumbani," akamnong'oneza. "Mtoto ana upele mwili mzima. Nakuomba, Bwana Wakili, watu wasijue. Watatutenga."

"Kwangu halitoki," akasema Kindi.

Sasa, mpeleka habari wa kijiji alikuwa Chiriku. Asubuhi anakusanya maneno, mchana anazunguka mti hadi mti, chiri-chiri-chiri! Jioni kila mtu anajua. Akamfuata Kindi.

"Wakili, mteja wako alikuwa wapi siku ya harusi?"

Kindi akakumbuka ule upele, akaingiwa na hofu. "Sina la kusema!" Puruu! Akapanda mtini, akajificha.

Mnadhani Chiriku alifanyaje? Alisema alichoambiwa. "Chiri-chiri! Wakili wa Nungunungu hana la kusema! Hana la kusema!"

Wee! Jua halijatua, majirani wameshahukumu. Mtoto mkubwa wa Nungunungu alipokwenda kuteka maji, Mama Ngiri akawavuta wanawe: "Njooni huku, msichote na wezi!" Mtoto akarudi na ndoo tupu, analia.

Kindi akamwona anapita. Aibu ikamshika. "Nimetunza siri moja," akawaza, "nikampa Kiboko kesi nzima bure. Nimlaumu Chiriku? Nilimwacha mikono mitupu, angebeba nini?"

Kesho yake, mapema, akamtafuta. "Dada Chiriku, jana nilikukimbia. Nisamehe."

Chiriku alikuwa amenuna. "Mwenzio Fisi ananiita kidomodomo, lakini habari ananipa."

"Na mimi nakupa. Mama Nungunungu alikuwa nyumbani kwake. Shambani hakukanyaga."

"Nyumbani akifanya nini?"

"Hilo ni la ndani ya nyumba ya mtu. Hakimu akiuliza, atajibiwa. Wewe sikwambii, lakini pia sikudanganyi."

Chiriku akamtazama kwa jicho moja. "Haya, hilo naelewa. Ila habari yako kavu, Wakili."

"Basi chukua na swali. Kamuulize Fisi ua umebomoka kiasi gani. Atakachosema usikipunguze, wala usikiongeze."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Fisi, nawaambia, alipenda kusikika kuliko alivyopenda mfupa. Akavuta pumzi, akatoa kifua. "Kiasi gani? Hahahaa! Sema hivi! Ua umelala chini, upana wa milango minne! Magogo yamekatika, kra! kra! Na nyayo zimezama kwenye tope, mtoto wa swala akitumbukia hatoki! Hasara kubwa!"

"Umeona mwenyewe?"

"Nimepima kwa hatua zangu, na Bwana Kiboko shahidi!"

"Kabisa!" akaitikia Kiboko.

Chiri-chiri-chiri! Chiriku akayapeleka vilevile. Kwanza wanyama wakasikitika. Kisha Mama Ngiri akaacha kusonga ugali. "Hebu ngoja. Milango minne? Nungunungu si hupenya chini ya ua? Milango minne ya nini?"

Siku ya kesi Kindi akasimama. "Mheshimiwa Hakimu, sibishani na Wakili Fisi. Ua ulibomolewa kama alivyosema, kijiji kizima kimemsikia. Naomba twende shambani, mteja wangu apite kwenye pengo lile, kisha apite mlalamikaji."

Fisi akaruka. "Mheshimiwa, pale nilitia chumvi kidogo!"

"Uliwatilia chumvi wao," akauliza Kobe taratibu, "au unanitilia mimi sasa?"

Fisi akaketi. Wakaenda. Mama Nungunungu akapita, na kila upande pakabaki uwanja. Kiboko akaamriwa apite. Tumbo likagusa gogo la kushoto, tumbo likagusa gogo la kulia. Mguu ukaingia kwenye unyayo wa tope, dumbwi! Ukakaa sawasawa.

"Njaa, Mheshimiwa. Pilau haikunitosha, nikatangulia kurudi," akasema Kiboko, macho chini.

Akaamriwa kulilima shamba zima upya. Nungunungu akaachiwa huru, na la nyumbani kwake hakuna aliyemuuliza.

Lakini Chiriku alikuwa ameshakunjua mbawa. "Nakimbilia kwa Twiga! Bibi harusi kagombana na mawifi!"

"Na hukumu?" akauliza Kindi.

"Nitaitaja mara moja, inatosha. Imeshachacha, nani ataisikiliza?"

"Siku ile uliposema hatuna la kusema, ulizunguka miti mingapi?"

Chiriku akazikunja mbawa. "Yote," akasema.

Basi akaizunguka yote. "Nungunungu hakuiba! Nungunungu hakuiba!" Mpaka sauti ikamkauka. Chini ya mti wa mwisho akamkuta Mama Nungunungu mwenyewe amesimama na wanawe, machozi yanamtiririka.

"Rudia, mwanangu," akasema.

Chiriku akarudia.

"Rudia tena."

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: ukimtetea mtu, mpeleka habari usimkimbie wala usimdanganye, mpe kweli fupi, mpe mapema, na siri ya mtu ibaki kifuani mwako.