Plau Moja, Shamba Moja

Hamjambo, mliokaa mbele na mliosimama nyuma? Mwenye karanga mdomoni amalize kutafuna. Hadithi yangu ina hukumu ndani yake, na hukumu haisikilizwi kwa kelele. Kimya? Ahsanteni.

Palikuwa na majirani watatu. Masalu alikuwa mfua chuma. Chuma kilicholiwa na ardhi, yeye alikirudishia mwili. Ndalahwa alikuwa na mikono ya subira. Kitu kilichoganda kwa kutu, alikibembeleza mpaka kikaachia. Na Holo, mama aliyeuza bolti kuukuu gulioni, alikuwa na ukucha unaojua nyuzi. Si nyuzi za kushonea, jamani! Ni ile mistari inayoizunguka bolti. Holo akipitisha ukucha hapo, anakwambia hii inaoana na ile, au haioani.

Mwaka ule mvua ilichelewa, ikaja siku moja, ikakata. Nanyi mnaujua udongo wa mbuga: leo unalimika, kesho umepasuka kama kisigino. Plau iliyobaki nzima ilikuwa moja tu, ya mjane Nyanzobe, kuukuu, aliyoachiwa na mkwewe. Na ng'ombe wa kuikokota ni wake.

Akaingia shambani asubuhi. Hajafika katikati, kaa! Bolti ikakatika. Ulimi wa plau, ule unaopasua ardhi, ukaanguka. Kuuokota, umelika umebaki nusu.

Majirani wakaja mbio. Nyanzobe akasema mbele ya wote, "Atakayeifanya plau hii ilime, nikimaliza kwangu, shamba lake ndilo litafuata. Zaidi ya hapo ng'ombe wangu hawawezi. Na kesho, mnajua wenyewe."

Holo akasogea mbele. Mwaka uliopita yeye na wajukuu walikula kwa kuomba. Anaujua uso wa mtu anayekupimia unga huku anaangalia pembeni.

Masalu akauchukua ulimi. Alikuwa na kipande cha springi ya lori, amekitunza ajitengenezee shoka. Akakitia motoni pamoja na mkaa wake wote. Akapiga, akaunga, ulimi ukarudi na makali yake. Akatoa na bolti mpya mfukoni. "Unene ni uleule. Tia, tulime."

Holo akaishika ile mpya, akaibananisha na kipande kilichokatika, meno kwa meno, akainua juani. Mwanga ukapenya katikati.

"Haioani."

"Shemeji, ilazimishe! Kwani ng'ombe anajua nyuzi?"

"Ng'ombe hajui. Chuma kinajua. Itaingia kidogo, itang'ang'ania, halafu itazila nyuzi za tundu. Hapo plau itabaki ya kufungia mbuzi."

Masalu akatupa spana chini. Jua linapanda.

Holo akamwaga bolti zake zote. Anashika moja, ukucha, juani, anatupa. Anashika nyingine. Watu wakaanza kuguna.

"Huyu anachagua bolti au mkwe?"

Wakacheka. Holo hakucheka, maana zilikuwa zinaisha. Ya mwisho nayo ikakataa. Kuinua macho, akauona mkokoteni wa Ndalahwa, mkuukuu kama plau yenyewe. Akaingia chini yake akapapasa. Ukucha ukasimama.

"Hii hapa."

Ndalahwa akaushika mkokoteni wake. Mkokoteni ule ndio aliobebea maji ya kuuza. "Ikitoka hiyo, dada, mkokoteni wangu umelala."

"Najua, kaka."

"Na ikikatikia humo ndani?"

"Hakuna nyingine."

Ndalahwa akalala chali. Akapaka mafuta ya taa, akasubiri. Akaigusa kwa spana, akaacha. Huku nje udongo umeanza kubadilika rangi.

"Vuta, wewe ni mwanaume!" Masalu akafoka.

"Njoo uvute wewe, uondoke na nusu yake."

Akasogeza mbele kidogo, akarudisha nyuma kidogo. Chuma kikalia. Holo akafumba macho. Akayafumbua, Ndalahwa ameishika mkononi, nzima.

Iliingia kwenye plau kwa vidole tu, laini. Spana ilikuja kukaza mwisho. Ng'ombe wakavuta, ardhi ikapinduka, Nyanzobe akamaliza kwake. Akageuka. "Haya, nielekee wapi?"

"Kwangu," akasema Masalu. "Bila ulimi mngelima na nini, meno yenu?"

"Mimi nimelaza mkokoteni," akasema Ndalahwa. "Wenzangu mnarudi na kazi zenu, mimi narudi na nini?"

Holo alitaka kunyamaza, kama alivyozoea. Safari hii hakuweza. "Bila mimi mngeiua plau asubuhi ileile. Na bolti ya mkokoteni mlikuwa mnapita mnaikanyagia kivuli, nani aliiona?"

"Si wagawane!" mtu akapaza sauti.

Nyanzobe akatikisa kichwa. "Ng'ombe wamebakiza shamba moja tu miguuni. Mkilikata vipande, nyumba tatu zitavuna njaa."

Basi ng'ombe wamesimama na nira shingoni, jua linakausha udongo, Nyanzobe ameshika mikono ya plau, na watatu wale wanamtazama.

Je, wewe ungeamua vipi? Usinijibu mimi. Mwambie aliyekaa karibu nawe, naye akupinge. Mimi naenda kufunga ndama, namsikia anahangaika huko. Nitarudi, na nikirudi nataka kuambiwa: ng'ombe wamepelekwa kwa nani?