Kichwa cha Sultani na Miche Miwili

Hapo zamani, zamani ya watu kwenda kwa miguu na wakubwa kuchukuliwa kwa machela, palikuwa na mji uitwao Kilimbwe, na katika mji huo palikuwa na njia moja ndefu itokayo lango la Sultani hata sokoni. Njia hiyo ilikuwa na mizambarau kumi na miwili, mikubwa, hakuna aliyejua umri wake, na chini ya mizambarau hiyo ndiko mji ulikokaa. Huko watu waliuziana, waliteta, waliposa na walipatanishwa. Aliyekimbiwa na mkewe alikwenda kulia chini ya mzambarau, na aliyepata mke mpya alikwenda kujisifu papo hapo.

Chini ya mzambarau wa nne alikaa kinyozi mmoja, jina lake Vuai. Mali yake yote ilikuwa kigoda, wembe, jiwe la kunolea na bakuli la maji. Duka hakuwa nalo. Duka lake ni kile kivuli. Ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko wembe wake, na wengine walikuja kunyolewa hali vichwa vyao havijaota kitu, ili wamsikie tu. Basi Vuai alijua jambo moja kwa yakini: kichwa kilicholoweshwa hukauka upesi juani, na wembe ukipita pakavu hutoka na ngozi. Kinyozi asiye na kivuli si kinyozi, ni mchinjaji.

Ikawa siku moja Waziri Muhsini, mkubwa wa Baraza la Miti, alikuwa akipita njia hiyo kwenda kuposa mke wa tatu, amevaa kanzu nyeupe pe. Zambarau tatu mbivu zikamwangukia kifuani. Na doa la zambarau, kila mtu ajua, halitoki. Alipofika alikokwenda, bibi alimtazama kifua, akacheka, akasema hataki mume asiyejua kula. Waziri akageuza njia papo hapo. Alirudi kwake, akaliita Baraza.

Baraza hilo lilikuwa na watu watano, na hakuna hata mmoja aliyepata kutembea juani. Wakakaa ukumbini huku wakipepewa, wakakata shauri kwamba mizambarau ya njiani ni mikongwe, imeoza ndani, inachafua mji na kufuga popo, kwa hiyo ikatwe yote, na mahali pa kila mti ipandwe miche miwili.

"Twakata kumi na miwili, twapanda ishirini na minne," alisema Waziri Muhsini. "Mji utapata kivuli maradufu."

Basi miti yote ikatiwa alama ya chokaa, na shoka likaanza na mti wa kwanza, ule wa langoni pa Sultani. Mti huo uliooza ulikatwa na watu wanane kwa muda wa siku sita, na mashoka mawili yakavunjika mipini. Ulipopasuliwa, mbao zake zilizooza zilipelekwa nyuma ya nyumba ya Waziri, na haukupita muda watu wakaona nyumba ile ina milango mipya minne. Mahali pa mti ikapandwa miche miwili, mmoja una majani saba, wa pili una tisa.

Mji ukagawanyika. Wenye kanzu nyeupe walisema Baraza limefanya la maana. Wenye nyumba zilizo karibu na miti walisema wamechoka na popo. Bi Msimu, muuza uji wa mzambarau wa nne, akawauliza, "Na hao popo mkiwakatia nyumba yao, mwadhani watahamia wapi? Si darini mwenu?" Wakaanza kufikiri, lakini wakati huo shoka lilikuwa limekwisha kunolewa tena.

Vuai akafunga safari akaenda barazani kwa Sultani Darweshi. Akapiga magoti, akasema, "Bwana wangu mtukufu, mimi mtumwa wako nimekuja kuuliza habari za kivuli changu. Nasikia mti wangu nao hauna siku nyingi."

Sultani akasema, "Utapewa vivuli viwili mahali pa kimoja. Walalamikia nini?"

"Nimeviona viwili hivyo vya langoni, bwana. Kimoja chamtosha kuku, na cha pili chamtosha kifaranga chake."

Waliohudhuria wakaziba vinywa kwa mikono. Waziri Muhsini akasimama. "Bwana, huyu analidharau Baraza lako. Mche ni mti. Tofauti yao ni siku tu."

Sultani Darweshi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa kesi ziishe kabla chakula hakijapoa, na watu wa namna hiyo wamewaumiza wengi kuliko wabaya. Akamwamuru mwandishi wake aandike hivi: "Katika mji wa Kilimbwe mche ni mti kwa kila jambo, kwa sheria na kwa mila, na asemaye vingine atapigwa bakora hamsini." Muhuri ukapigwa.

Vuai akauliza, "Kwa kila jambo, bwana?"

"Kwa kila jambo."

"Hata kwa mila?"

"Umesikia lililoandikwa."

"Nimesikia na nimetii," akasema Vuai, akataka kuondoka. Lakini Waziri alikuwa bado ana kinyongo, akasema, "Bwana, Siku ya Mwaka imebakiza siku tatu. Kwa kuwa huyu ndiye mjuzi wetu wa vivuli, mwaka huu na akunyoe yeye, pale langoni, mbele ya miti mipya, ili mji mzima uone neema yake. Na asipomaliza kabla ya adhana ya adhuhuri, afukuzwe mji, na mti wake ukatwe jioni yake."

Harufu ya pilau ilikuwa imekwisha kuingia barazani. Sultani akasema, "Na iwe hivyo."

Sasa, mila ya kunyolewa Sultani ilikuwa hivi. Kila Siku ya Mwaka, Sultani wa Kilimbwe hutoka bila kilemba, huketi juu ya kigoda chini ya mti wa langoni, na kuinamisha shingo yake chini ya wembe wa raia, watu wote wakimwona. Mila hiyo iliwekwa na wazee ili mtawala akumbuke, walau mara moja kwa mwaka, kwamba shingo yake ni shingo kama nyingine. Wembe haugusi kichwa cha Sultani kikiwa juani, kwani ukikigusa hivyo mwaka huwa wa njaa. Wala kivuli hicho hakiwi cha nguo, cha makuti wala cha mwavuli. Sharti kiwe cha mti. Na Sultani akishaketi, haendi kuswali wala kula mpaka kichwa kiishe.

Bi Msimu aliposikia habari hizo akaacha uji ukaungua. "Vuai, mwanangu, ondoka leo hii. Huyu Waziri keshakuchimbia kaburi, amebakiza kukusukuma tu."

"Naogopa, mama," akasema Vuai, na kwa mara ya kwanza hakuongeza mzaha. "Lakini sina mji mwingine. Nikitoka hapa nitakwenda kuwa mgeni wa nani? Nipe uji huo huo ulioungua, ninywe."

Siku ya Mwaka ikafika. Watu wakajaa langoni tangu jua likiwa bado dogo. Sultani akatoka na nywele za mwaka mzima, Baraza la Miti likiwa nyuma yake chini ya miavuli mitano. Vuai akaweka kigoda kando ya mche wa majani tisa, akautazama mche, akautazama utosi wa Sultani, akasogeza kigoda upana wa kidole.

"Bwana wangu, tafadhali inama kidogo. Kidogo tena. Sasa nimepata mahali."

Akalowesha, akanyoa pahali pakubwa kama kiganja cha mtoto, akasimama, akafuta wembe.

"Mbona umeacha?" akauliza Sultani.

"Kivuli kimekwisha, bwana. Sasa twende kwa ule mti wa pili."

Wakahamia kwa mche wa majani saba. Huko Vuai akapata kipande nyuma ya sikio, naye Sultani alikuwa hana budi kulala ubavu mchangani, shavu limeelekea lango lake mwenyewe. Jua likapanda, vivuli vikajivuta kuelekea mashinani, na Vuai akawa anavifuata kwa adabu kubwa. "Bwana, tusogee mkono mmoja. Sasa bwana alale chali. Sasa bwana apinde shingo, kuna jani moja linatupa nafasi hapa." Sultani wa Kilimbwe akawa anazungushwa mchangani kama mkate wa kumimina unaogeuzwa, na watu waliokuja kushangilia walikuwa wanaumwa mbavu kwa kujizuia.

Sultani akasema kwa hasira, "Maliza tu, kinyozi. Achana na kivuli."

"Na njaa, bwana? Mimi ni mtu mdogo, siwezi kuuletea mji mzima njaa."

Waziri Muhsini akaja mbio, akasimama upande wa jua, kivuli chake kikamfunika Sultani kichwa chote. "Haya, nyoa."

Vuai akamtazama toka juu hata chini. "Mila yataka kivuli cha mti, Bwana Waziri. Kama wewe ni mti, nitanyoa. Lakini nionavyo huna alama ya chokaa, na katika mji huu mti wa kimo chako usio na chokaa haupo."

Hapo watu hawakuweza tena. Waziri akarudi nyuma, uso umemwiva.

Sultani akaomba bakuli la maji, akajitazama. Aliona kichwa chenye mabaka manne, na kati ya mabaka hayo nywele za mwaka mzima zimesimama. Kule msikitini, mwadhini alikuwa ameketi kutawadha. Njaa ilimuuma, mchanga ulikuwa masikioni, na jua lilikuwa limemchoma utosi mpaka akahisi kizunguzungu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kukaa juani muda wa saa moja.

"Kinyozi," akasema taratibu, "mti wako ungali umesimama?"

"Ungali, bwana. Kuna kivuli cha watu arobaini na mbuzi wao."

"Basi twende huko."

"Amri ni yako, bwana. Ila mwandishi wako yuko hapa na ile hati, na mimi naiogopa. Tukiondoka kwenye miti hii miwili kwenda kutafuta mti, tutasema tumeondoka kwa sababu gani?"

Sultani akainuka mchangani. Akamgeukia Waziri. "Muhsini, weka mwavuli chini, uje ukae hapa chini ya mti wako."

Waziri akakaa, akajikunyata kando ya mche.

"Umo kivulini?"

"Nimo, bwana."

"Wote?"

Waziri akajikagua. "Kwa kiasi, bwana."

"Kiasi gani?"

"Sikio," akasema Waziri Muhsini.

Sultani Darweshi akasema, mji mzima ukisikia, "Mche si mti."

Mwandishi akaitazama hati, akautazama muhuri, akaificha mgongoni, kwa maana hapakuwa na neno lolote ndani yake linalomtoa Sultani katika zile bakora hamsini. Vuai peke yake alikuwa ameinama juu ya jiwe lake.

"Uniwie radhi, bwana," akasema. "Nilikuwa nanoa wembe. Kuna mtu alisema neno?"

Hapo Sultani akacheka. Alicheka mpaka mchanga ukamdondoka nyweleni, akaichukua hati mkononi mwa mwandishi, akaichana vipande. Wakaenda wote mpaka mzambarau wa nne, Sultani mbele na mabaka yake, akaketi pale wanapoketi wachukuzi, na Vuai akamaliza kichwa chote bila ya kumkwaruza hata mara moja. Mwadhini alipofungua kinywa, wembe ulikuwa umekwisha kufutwa.

"Omba utakacho," akasema Sultani.

Vuai akafikiri kidogo. "Miti kumi na mmoja iliyobaki iachwe ilivyo, bwana. Na chokaa ioshwe na wale walioitia."

"Umepewa. Na mimi nitaongeza langu. Tangu kesho Baraza la Miti halitakaa tena ukumbini. Litakaa langoni, chini ya miti liliyoipanda, kila siku adhuhuri, bila miavuli, na litarudi ukumbini siku wote watano watakapoenea kivulini."

Kesho yake asubuhi watu wa Kilimbwe walimwona Waziri Muhsini akitoka kisimani kwa miguu yake, mtungi begani, na wenzake wanne nyuma wamebeba makapu ya samadi. Walifanya hivyo siku hiyo, na siku iliyofuata, na mwaka uliofuata. Miti mingi imepandwa Kilimbwe tangu zama hizo, na mingi imekufa kwa kiu, lakini wazee wa huko hushikilia kwamba haijapata kuonekana miche iliyopendwa kama ile miwili.