Mbao Zilizofunikwa Majani

Wapendwa, leo sina mfano wa kuwachekesha. Palikuwa na kijiji ng'ambo ya mto, na zahanati yake ilikuwa imekimbiwa na wauguzi watatu. Serikali ikasema: atakayekubali kukaa huko atapewa posho ya mazingira magumu juu ya mshahara. Akaja mama mmoja, muuguzi hodari. Wanawake wakajifungua salama, kijiji kizima kikampenda.

Mvua zikabeba daraja. Watu wakapasua mbao za kujenga jingine, lakini mwenyekiti wa kijiji akawazuia.

"Jamani, mkaguzi anakuja. Akikuta daraja zuri atatufuta kwenye orodha, posho itakatwa, na mama yetu atakwenda zake."

Mnadhani nani alipinga? Hakuna! Mbao zikafunikwa majani. Mkaguzi akavuka mto suruali kaikunja, akaandika kwamba hali ni ngumu sana. Wakampigia vigelegele. Vigelegele, wapendwa, kwa kuambiwa hali yenu ni mbaya!

Masika yaliyofuata, binti wa mwenyekiti akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Muuguzi akapiga simu. Gari la wagonjwa likaja mchana kweupe, likasimama ng'ambo. Mto umefurika.

"Fanya kitu, mwanangu!" mwenyekiti akamlilia muuguzi.

"Baba, ninachokijua nimekifanya. Kilichobaki ni upasuaji, na upasuaji uko kule."

Dereva alingoja mpaka alasiri. Kisha hakukuwa na mgonjwa wa kubeba.

Wakaenda kufunua mbao ili watengeneze jeneza la mama na mtoto. Muuguzi akaziona.

"Kumbe hizi zilikuwapo?"

"Tulizificha ili ubaki nasi."

"Mngeniuliza, baba. Barua ya kuomba uhamisho niliipeleka mwezi uliopita. Ninaukimbia mto huu."

Akaondoka. Na mbao zilizobaki, mnajua walizifanyaje? Walizifunika tena, wakingoja muuguzi mwingine.

Tusiwacheke. Sisi nasi tunamlipa mtu avumilie shida, halafu tunailinda shida isije ikaisha. Nani kati yetu amewahi kumuuliza mwalimu wetu, au daktari wetu, kinachomwondoa ni nini? Nimeomba nipate neno la kuwafariji, sikulipata. Ninachojua ni kwamba mto bado unajaa, na wako mabinti hapa kanisani ambao miezi yao inakaribia.