Watoto wa Mama Minza na Maji Yaliyofifia

Sikilizeni kisa kilichomchosha mama mmoja kuliko kilimo cha msimu mzima.

Mama Minza alikuwa mjane wa kijiji cha Busagala, huko wanakochimba dhahabu. Alikuwa na watoto watatu, wote watu wazima, na wote bado walikula kwenye sufuria yake. Minza, wa kwanza, alifundisha kemia sekondari, na kichwa chake kilikuwa chepesi. Nkwabi, wa pili, alikuwa fundi simu, na mikono yake haikushindwa na kitu chochote chenye waya. Kabula, kitindamimba, alijaliwa miguu isiyochoka na mdomo wa kumlainisha yeyote. Ila hakuna hata mmoja aliyejaliwa kunyamaza.

Mwaka huo mikono ya Mama Minza ilianza kutetemeka. Alimwaga uji, alivunja vikombe, na kutunga uzi kwenye sindano kukamshinda. Baadhi ya majirani nao wakaanza kutetemeka. Wengine walisema ni uzee, wengine wakasema wamerogwa.

"Mama, mimi naogopa ni zebaki," Minza alisema. Wachenjuaji, wale wanaotenganisha dhahabu na mchanga, walikuwa wakiitumia kuikamata, kisha mabaki wanayamwaga bondeni, karibu na visima. Lakini visima vilikuwa vingi na maabara ilikuwa mbali. Mwenyekiti wa kijiji naye hakutaka hata kusikia habari hizo.

Basi Minza akaingia jikoni. Alikamua malimao, akachanganya na mbolea ya urea, akachemsha mpaka ikabaki lami ya kahawia. Nyumba nzima ikanuka mkojo. Sufuria ya kwanza iliungua, na ya pili ikaungua.

"Minza! Hiyo sasa ni sufuria ya ugali!"

"Vumilia, Mama. Humu zinazaliwa chembe za kaboni, ndogo hata jicho halizioni. Ukizimulika kwa mwanga wa zambarau, zinawaka buluu. Zikikutana na zebaki, zinafifia."

Ile ya ugali ndiyo iliyokubali. Minza akaiyeyusha lami kwenye maji, akachuja, akapata kitu kama chai nyepesi. Mama alikitazama, akaitazama na sufuria yake, akaguna.

Ikawa zamu ya Nkwabi. Alichukua vile vitaa vya zambarau vya dukani, vya kukagulia noti bandia, akaviunganisha ndani ya sanduku jeusi, akatoboa tundu la kamera ya simu ili ipime mwanga, maana macho yangeweza kukosea.

"Nkwabi, redio yangu iko wapi?"

"Imo sandukuni, Mama. Si yote."

Mama alifungua kinywa amseme, lakini Nkwabi akawasha taa. Ile chai ikawaka buluu kama moto wa gesi. Mama akasogea kuitazama, redio akaisahau.

Kabula naye akapanda baiskeli kwenda kukusanya maji ya kila kisima. Wenye visima walimtukana, na wachenjuaji wakamfungulia mbwa. Hakurudi nyuma. Aliteka maji pamoja na wanawake, akawabebea ndoo, akacheka nao, mpaka wakamjazia chupa wenyewe. Chupa zikajaa hadi kitandani kwa mama yake.

"Na mimi nilale wapi, Kabula? Juu ya paa?"

Walipima chupa moja baada ya nyingine, kila moja wakiitia matone ya ile chai na kuimulika sandukuni. Zote ziliwaka vizuri, isipokuwa moja iliyofifia. Ilikuwa ya kisima cha bondeni, kile ambamo nyumba yao yenyewe iliteka maji kila siku.

"Tusikurupuke," Minza alisema. "Hata chuma kikizidi kinaweza kufifisha. Maabara ndiyo itakayotoa jibu."

Kabula akawakusanya wanawake, wakaketi mlangoni kwa mwenyekiti wakakataa kuondoka mpaka maji yapelekwe maabara mjini. Jibu likarudi: zebaki. Kisima kikafungwa, wachenjuaji wakahamishwa, na maji ya bomba yakaletwa kutoka mlimani. Polepole mikono ya Mama Minza ikaanza kutulia.

Hapo ndipo alipofika mtu wa chuo kikuu, aliyesikia habari za kile kipimo. Chuo kilitaka kumchukua aliyekigundua, kimsomeshe na kumpa maabara. Nafasi ilikuwa moja tu.

"Bila chembe zangu, taa yako ingekagua noti mpaka leo," Minza akamwambia Nkwabi.

"Na bila taa yangu, dada, ungebaki na chai ya mbolea."

"Na bila mimi," Kabula akadakia, "mngekaa humu ndani mkimulikana machoni!"

"Nyamazeni!" Mama Minza alifoka. "Sufuria mmeziunguza, redio mmeipasua, kitanda mmekijaza chupa, na sasa mnataka kunipasua na kichwa!"

Mgeni akakohoa kwa adabu. "Mama, wewe ndiye unayewajua. Tutamchukua utakayemtaja."

Mama Minza aliwatazama wanawe mmoja mmoja. Yule aliwaza, yule akaunda, yule akathubutu, na wote watatu walifanya hivyo kwa ajili ya mikono yake. Kumtaja mmoja ni kuwaumiza wawili. Asipomtaja yeyote, nafasi itakwenda kijiji kingine.

Mgeni anasubiri, na wale watatu, kwa mara ya kwanza maishani mwao, wako kimya.

Haya, semeni nyinyi. Kama ungekuwa Mama Minza, ungetaja jina la nani? Na jioni, mkikaa kula, hao wawili waliobaki ungewaambia nini?