Siku Nape Alipokuwa Mfalme

Paukwa! Itikieni kwa nguvu, wajukuu zangu, leo nawavusha mbali: kale ya kale, kabla babu ya babu yangu hajaota jino, Warumi walipokuwa Warumi!

Kulikuwa na ziwa. Kando ya ziwa, jumba. Jumba gani! Nguzo za marumaru, na ukumbi ulioingia majini hata samaki wanapita chini ya meza. Aliyelijenga? Watumwa. Aliyelipiga deki? Watumwa. Likaitwa la nani? La Gavio! Haya, haki hiyo mnaiona?

Nape, mama mpishi, alikuwa mtumwa wake. Binti wa Nape, Sira, pia. Gavio alikwisha kumtoa Sira zawadi kwa rafiki wa mbali, kama mtu anayegawa kikapu cha zabibu. Kesho angechukuliwa.

Lakini leo ilikuwa sikukuu! Desturi yao siku hiyo bwana huandaa, mtumwa hula. Kisha hupigwa kura, na inayemwangukia ndiye mfalme wa karamu. Akisema ruka, unaruka. Ikamwangukia nani? Nape!

"Mfalme Nape, tuamuru!" wageni, rafiki za Gavio, wakapiga makofi.

"Wewe mwenye kitambi, wika kama jogoo!" Akawika. "Wewe mwenye ndevu, ziwani!" Chubwi! Watu mbavu hawana.

"Nawe Gavio, simama. Sema mbele ya hawa: Sira ni huru."

Kicheko kikakatika. Kwao, bwana akilitamka hilo mbele ya rafiki zake, limefunga, halitanguki.

"Huo si mchezo, Nape."

"Ala! Mwenzako kutoswa ni mchezo, wewe kusema maneno matatu si mchezo?"

Yule mwenye ndevu, meno yakigongana kwa baridi, akadakia: "Mimi nimelowa, Gavio! Nawe utatii!"

"Atii! Atii!" ukumbi mzima ukanguruma.

Gavio akatazama huku, akatazama kule. Fedheha ikamshinda. "Sira ni huru."

Sira akamkumbatia mama yake. "Mama, jitaje na wewe!"

"Nikiomba mawili atapata pumzi ya kukataa yote. Wavuvi kule ziwani wanang'oa nanga. Kimbia ukapande nao, mwanangu, kabla Gavio hajageuka!"

Sira akakimbia. Asubuhi yake, mfalme alikuwa jikoni akizoa majivu.

Sasa asiniambie mtu Gavio alikuwa mwema! Haki iliyomtoka kwa kuona haya hakuitoa, alinyang'anywa. Idaini mbele za watu, wanangu, msiinong'one.

Kisa nimekitua hapa. Aliyekipenda akibebe, asiyekipenda asimame tubishane!