Bata wa Darasa la Saba

Shule ilipoletewa vitabu vya hadithi, Mwalimu Bakilana wa darasa la saba alichagua wa kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkongwe. Alichukua vyote sitini, vinene kwa vyembamba, akavifungia kabatini. Darasa la pili wakabaki kujifunza kusoma kwa kalenda ya ukutani.

Mwalimu wao, Nyamizi, alimwendea na daftari mkononi.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba vile vyembamba kwa ajili ya wanangu."

"Marahaba. Havitoki. Vyote ni vya darasa la saba."

"Hata kile cha bata aliyevaa kofia?"

"Hicho hasa!"

"Basi naandika," alisema Nyamizi kwa upole. "Ijumaa, mbele ya wazazi, kila darasa litasoma kwa sauti vitabu vyake. Huyu Masalu wako aliyeota sharubu, nimpe ukurasa gani? Ule wa 'Bata anaoga, kwa, kwa, kwa'? Baba yake diwani atakaa mstari wa mbele."

Bakilana alikohoa. "Hebu ngoja kwanza, mama."

"Au asome kile cha kuhesabu vifaranga?"

Kabla ya mapumziko, Bakilana alifika darasa la pili amekumbatia vitabu vyembamba vyote thelathini na viwili.

"Hivi hapa. Mfute Masalu."

"Nimeshamfuta, mwalimu. Ahsante sana."

Bakilana alipofika mlangoni aligeuka. "Na hao wazazi wanafika saa ngapi?"

"Wakialikwa, mwalimu, watatuambia," alijibu Nyamizi, akiendelea kugawa vitabu.