Kiti cha Wasiokuwepo

Paukwa!

Pakawa!

Aliyepo?

Yupo!

Asiyekuwepo?

Msogezeeni mkeka!

Haya, msogezeeni kweli, msinitanie, nasi tuanze.

Hapo kale, katika bonde la majabali, wanyama walikuwa na Baraza la Usalama. Viti vyake vilikuwa vitano, vya mawe, na waliovikalia ni wakubwa watupu: Tembo, Simba, Kifaru, Mamba na Fisi. Fisi alikipataje kiti? Alikuwapo siku vilipogawiwa, basi. Wadogo walisimama pembeni. Neno likiletwa, mkubwa mmoja tu akisema "Sitaki!", neno limekufa, hata kama bonde zima linalitaka. Na sheria ilisema hivi: Baraza likiwa wazi, mdogo asijilinde mwenyewe, alindwe na Baraza.

Sasa, kila ukungu wa asubuhi ulipotanda, Chui alipita korongoni. Nya, nya, nya. Humsikii. Unasikia tu ndege wamenyamaza wote kwa pamoja. Ukungu ukiondoka, mtoto wa mtu hayupo. Mifupa iliyobaki aliitafuna Fisi, karu, karu, karu.

Mama Pelele, mnyama mdogo wa majabalini, sawa na sungura asiye na mkia wala masikio marefu, akaenda barazani.

"Shikamooni wazee. Naomba tulizibe korongo kwa miiba."

"Sitaki!" akasema Fisi.

Akaenda tena. "Shikamooni wazee. Naomba tulizibe korongo kwa miiba."

"Sitaki!"

Akaenda mara ya tatu. Safari hii alishika kishungi cha manyoya laini. Alikuwa na mapacha, Kulwa na Doto, na kishungi kile ndicho kilichobaki cha Kulwa. Doto alikuwa amemng'ang'ania mguuni. Msimu wa ukungu ulikuwa ndio kwanza unaanza, na Mama Pelele alijua mlango utakaofuata kubishwa ni wake tena.

"Shikamooni wazee. Leo siombi miiba. Naomba kiti."

Wakubwa wakacheka, kwa, kwa, kwa! Fisi akafuta machozi. "Bibie, wewe ukae na sisi? Sitaki!"

"Si changu, Bwana Fisi. Ni cha waliokufa. Hawali, hawanywi, hawabishi. Wadogo wananung'unika kwamba Baraza ni la wakubwa tu. Mkiongeza kiti, watanyamaza."

Fisi akawaza. Mjumbe asiyesema! Kelele zitakwisha na mifupa itaendelea. "Na haki zake?" akauliza.

"Kama zenu tu, ili wadogo waridhike."

"Mpeni, mpeni zote! Maiti atakataa nini?"

Wakaweka jiwe dogo, la sita. Mama Pelele akaweka juu yake kile kishungi, akakilaza vizuri kama anamlaza mtoto, akaondoka bila kugeuka.

Siku ya pili, ukungu ukiwa bado mzito, Tembo akafungua Baraza kwa ada yao. Akapiga mguu chini, gu! Akaita, "Kiti cha kwanza, upo?" Akajiitikia mwenyewe, "Nipo!" Gu! "Kiti cha pili, upo?" Simba, "Nipo!" Kifaru, "Nipo!" Mamba, "Nipo!" Fisi, "Nipo!"

Gu! "Kiti cha sita, upo?"

Zii.

Manyoya yakatikisika, na upepo haukuwapo.

"Kiruke hicho," akasema Fisi.

"Hakirukwi kiti," akajibu Tembo. "Kisipoitika kimoja, Baraza halijafunguka."

"Basi tukifute!"

"Kufuta kiti mpaka wenye viti wote wakubali, Baraza likiwa wazi."

"Wote?"

"Wote. Na huyo wa sita."

Huko pembeni Mama Pelele akawageukia wenzake. "Jamani, Baraza halijafunguka. Nani basi anatulinda?" Hawakungoja jibu. Kokota, kokota, kokota! Digidigi na miiba, nungunungu na miiba, kanga na vijiti. Jua lilipotoka korongo limezibwa. Upande wa pili mtu alikuwa anaukwaruza ule ua wa miiba, kwaru, kwaru, taratibu, bila hasira.

Fisi alilala njaa. Kesho yake akapata akili. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Tembo alipoita kiti cha tano, Fisi akaitika "Nipo!", kisha akanyata, akajificha nyuma ya jiwe dogo.

Gu! "Kiti cha sita, upo?"

"Nipoo," ikatoka sauti nyembamba.

Baraza zima likasisimka. Lakini Mama Pelele alimnusa Fisi, na hasira zikampanda. Akasogea. "Kama upo, mwanangu, waambie wazee ulikufaje."

"Niliteleza tu, mama. Fungueni korongo, nipate hewa."

Tembo akauliza, "Wenye viti, korongo lifunguliwe?"

"Sitaki," ikasema sauti.

Haikutoka nyuma ya jiwe. Ilitoka juu yake. Ilikuwa sauti ya Doto kabisa, lakini Doto alikuwa mguuni kwa mama yake, midomo ameifumba.

"Nani kasema?" Fisi akauliza kwa sauti yake mwenyewe, amejisahau.

"Mimi nipo," ikasema sauti. Kisha zikafuata nyingine, ndogo ndogo, za digidigi, za kanga, za sungura, zimejaa ukungu mzima. "Na mimi nipo. Na mimi. Na mimi."

Fisi akafyata mkia, akatimka, puru, puru, puru! Kiti chake kiko wazi hadi leo, na korongo limezibwa hadi leo.

Mama Pelele hakuwa ametegemea jibu. Ujanja wake wote ulikuwa juu ya ule ukimya.

"Mama," Doto akanong'ona, "ni Kulwa."

Mama Pelele akalishika lile jiwe. Lilikuwa na joto.

Funzo la hadithi, watoto: waheshimuni wakubwa wenye viti, wanajua kulinda. Na wewe mdogo usidai kiti, ni utovu wa adabu. Vumilia mpaka ufe, ndipo utasikilizwa.

Hadithi yangu naikunja na mkeka wake. Aliyepo aitike. Asiyekuwepo...

Tulieni. Nani huyo kaitika?